Kilima cha kwenye picha kiko na wenyewe

Goma – Ukumbi wa parokia ulijaa mbele ya saa nane. Vijana walikuja kwa kutaka kujifunza kazi ya kamera. Wamama wahami kutoka Masisi na Rutshuru walikuja kwa sababu walisikia ya kwamba kutaonyeshwa milima ya kwao.

Mpiga picha mwenyewe ni mzaliwa wa mji. Hapigi picha za harusi wala za mikutano. Anapiga picha za nchi: milima, mashamba, mawingu, ziwa Kivu.

Alianza na Nyiragongo, mlima wenye urefu wa metre 3.470. Alieleza ya kwamba wakati wa kiangazi vumbi na moshi vinaufunika, lakini asubuhi, kisha mvua ya usiku, unaonekana wazi kabisa. Kwa hiyo anaamka mbele ya jua, na siku nyingi anarudi nyumbani bila picha hata moja. Vijana walicheka, lakini walielewa: kazi hii inaomba uvumilivu kuliko kamera ya bei kali.

Kisha alizungumzia moto wa mlima huo. Tarehe 17 Januari 2002 ulipita katikati ya mji mpaka ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ulishuka tena, ukafika pembeni ya mji. Mtoto aliyezaliwa nyuma ya 2002 anaona mawe meusi tu, anafikiri yalikuwa pale tangu zamani. Mwenye picha ya mbele ya moto anaweza kumwonyesha barabara iliyolala chini ya mawe hayo.

Picha iliyofuata ilikuwa ya Masisi: kilima cha majani mabichi, ukungu chini, hakuna mtu. Mama mmoja muhami alisimama.

« Ile kilima ni ya kwetu, » alisema. « Kijana wangu, juu ya nini hakuna mtu hata mmoja kwenye picha yako? »

Ukumbi ulinyamaza. Mpiga picha alijibu ya kwamba alitafuta uzuri wa majani na mwanga, hakuwaza swali hilo. Alimwomba mama aje mbele, aonyeshe kuna nini pale.

Mama alionyesha kwa kidole: chemchemi, shamba la maharagi, njia ya kwenda soko, miti ambayo baba mkwe wake alipanda kwenye mpaka. Mama mwingine alimkatiza: « Hapana, dada, chemchemi iko chini kidogo. » Wa tatu naye alisimama. Walibishana kwa furaha kama watu walio nyumbani kwao. Mpiga picha aliandika yote nyuma ya picha, akaahidi ya kwamba hataionyesha tena bila majina hayo.

Jambo hilo si dogo kwa familia zilizokimbia. Wengi wanaorudi wanakuta miti ya mpaka imekatwa na mtu mwingine analima. Mbele ya chifu, kesi inategemea kumbukumbu ya wazee, na wazee wanakufa katika uhamisho. Picha haichukui nafasi ya hati ya shamba. Lakini inaweza kumkumbusha mzee, na inamfundisha mtoto aliyekulia mbali mahali anapotoka. Na yule anayetazama kilima kitupu akifikiri hakina wenyewe, majina yanamjibu.

Kwa vijana, mpiga picha aliacha mashauri ambayo hata mwenye telefone ndogo anaweza kufuata. Simama mahali pamoja, saa ile ile, urudie kisha miezi, ili mabadiliko yaonekane. Andika tarehe, jina la kilima na jina la aliyekueleza. Omba ruhusa mbele ya kupiga picha ya nyumba ya mtu. Usielekeze telefone kwa askari wala kwa kizuizi cha barabara. Hakuna picha inayolingana na uhai wako.

Asiye na telefone naye ana kazi. Mwenye mzee nyumbani au chini ya shitingi, amwulize leo: chemchemi ilikuwa upande gani? Mpaka ulipita kwenye mti gani? Jirani wa juu alikuwa nani? Mtoto achore kwenye daftari ya masomo, mzee asahihishe, na karatasi hiyo itunzwe pamoja na kadi ya uchaguzi.