Metali Idhuruyo, Metali Itibuyo

Sisi watu wa Mombasa hatuhitaji kufunzwa kwamba metali ni sumu. Owino Uhuru bado tunaikumbuka, mtaa ambao wakazi wake walidhurika kwa risasi iliyotoka katika kiwanda cha kuyeyushia betri kuukuu. Kwa hivyo mama yetu mdogo alipoambiwa kuwa saratani yake ya mlango wa kizazi itatibiwa kwa dawa yenye platinamu, majirani walimsihi aikatae. Naye akasita. Ilitubidi sisi tunaomuuguza tutafute jibu, kwani uhai wake ulilitegemea.

Majirani walikuwa na sababu. Imethibitika kuwa kadmiamu, michanganyiko ya nikeli na aina moja ya kromiamu husababisha saratani. Huingia mwilini kidogo kidogo, kwa vumbi, chakula au moshi, na kuvuruga DNA, yaani maagizo ya urithi yaliyomo ndani ya seli. Kadmiamu imo hata katika moshi wa sigara. Wanaovutiwa sigara ndani ya nyumba wasinyamaze.

Platinamu nayo huiendea DNA hiyo hiyo, ila kwa kipimo na kwa makusudi. Mwaka 1965, huko Marekani, Barnett Rosenberg na wenzake walitangaza jambo la ajabu. Walipopitisha umeme kwenye bakteria kwa vipande vya platinamu, bakteria waliendelea kurefuka lakini wakaacha kugawanyika. Kilichowazuia si umeme, bali platinamu iliyomumunyika. Hivyo ndivyo ilivyopatikana sisplatini, iliyoidhinishwa nchini humo mwaka 1978. Hujifunga kwenye DNA, na seli ya saratani, iliyo na pupa ya kugawanyika, hushindwa na kufa.

Mama mdogo alikubali, akaanza matibabu pamoja na miale. Hayakuwa mepesi. Alitapika, masikio yakamvuma, vidole vikafa ganzi. Kila mara figo zake zilipimwa na dripu ya maji ikatangulia dawa. Alistahimili hadi duru ya mwisho, na sasa twasubiri vipimo kwa dua.

Dada zetu, mgonjwa wenu akiiogopa dawa, msimkemee, wala msimwachie uvumi umwamulie. Lichukueni swali lake, mwende naye kwa daktari, na mketi hapo mpaka ajibiwe. Hofu yake ina haki ya kusikilizwa, na mwili wake una haki ya kutibiwa.