Land Rover ya Mjomba na Vitz ya Binamu

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali hii Mjomba huitamka kila alionapo gari la mwanawe, Toyota Vitz, likiingia uani. La kwake ni Land Rover toleo la tatu, lililoundwa kabla sijazaliwa, na sasa ukoo umegawanyika: liuzwe ama lisiuzwe?

Vitz ina haki zake. Binamu yangu ameajiriwa hotelini Diani, na barabara kuu ya Likoni hadi Lunga Lunga ni lami. Injini ya lita moja yamtosha. Mafuta ambayo Land Rover huyanywa kwa siku moja, yeye huenda nayo siku tatu. Gia hujibadilisha zenyewe, na siku za kwenda Mombasa kivuko cha Likoni husubiriwa katika ubaridi wa kiyoyozi, ilhali ndani ya Land Rover abiria huokwa. Lau maisha yote yangepita juu ya lami, insha hii ingekoma hapa.

Lakini nyumba ya Mjomba iko bara, upande wa Kikoneni, na njia ya kuifikia ni udongo ambao masika huugeuza uji. Vitz husukumwa na magurudumu ya mbele pekee na tumbo lake li karibu na ardhi. Basi huachwa dukani kando ya barabara, na mwenyewe akakunja suruali. Land Rover hutiwa gia ndogo, magurudumu yote manne yakashika, ikapita kwa mwendo wa kobe. Imebeba nazi na korosho. Imewapeleka wajawazito hospitali ya Msambweni usiku wa manane, mgonjwa kalazwa godoroni, jamaa wameketi mabenchi ya pembeni. Ndani ya Vitz, jamaa hao wangelazimika kuchaguana.

Waingereza walipoizindua mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu baada ya vita, wakaivika bodi ya alumini. Uhaba wao ukawa rehema kwetu watu wa pwani, maana hewa ya chumvi hula mabati bila huruma. Fremu, hata hivyo, ni ya chuma, na ya Mjomba imeungwa mara nyingi hata fundi wa Ukunda hatambui tena kipi ni cha asili na kipi ni kiraka.

Wanafunzi wenzangu wa isimu watalipenda jambo hili: Vitz ikisimama njiani, watu husema imeharibika, Land Rover ikisimama, imegoma, au imenuna. Nadhani sababu ni kwamba hii ya pili hufunguliwa boneti, ikabembelezwa kwa spana na waya hadi ikaridhika. Ile nyingine humngoja fundi mwenye kompyuta.

Sasa amejitokeza mnunuzi wa Diani anayetaka kuiweka mbele ya hoteli, watalii waipige picha. Bei aliyotaja yaishinda thamani ya Vitz. Binamu ana hoja nzito: macho ya baba yake yamefifia, na gari lisilo na dereva halimwokoi mzazi. Mimi nashikilia kwamba kabla njia haijamwagwa changarawe, hakuna bei itakayotufaa.

Mjomba amemwambia mnunuzi arudi baada ya masika. Jioni hizi binamu yuko shambani, anajifunza ile gia ndogo.