Mashine ya Mjomba

Ndugu msomaji, barua yangu ya kuacha kazi ilikuwa na mistari minne tu. Niliiandika usiku mmoja wa Januari 2025, chumbani kwangu Tabata, na asubuhi yake nikaiweka mezani kwa meneja. Miaka ishirini, mistari minne! Mtu aliyezoea kuandika programu zenye maelfu ya mistari, kumbe ya kuagia inamtosha minne.

Kampuni yenyewe sitaitaja. Kazi yake ilikuwa kutengeneza programu za kompyuta kwa ajili ya ofisi zinazokopesha watu wa hali ya chini: mama lishe, wauza samaki, mafundi cherehani. Nilianza pale mwaka 2004 nikiwa kijana mbichi kutoka chuoni, nina shati mbili za kazini. Mama yangu, ambaye yuko Miono hadi leo, hakupata kuielewa kazi hiyo. Nilimwambia naandika programu. Yeye akashika neno "naandika". Kila nilipokwenda likizo aliniuliza:

"Mwanangu, bado unaandika?"

"Bado, mama."

"Hakijaisha tu hicho kitabu?"

Nilikuwa nacheka. Siku hizi sicheki.

Kwa asiyeijua Miono: ukitoka Chalinze kwa njia ya Segera unashuka Mandera, unaiacha barabara kuu, unafuata njia iendayo Saadani kwenye hifadhi ya wanyama. Zamani tulihesabiwa Bagamoyo, sasa tuko Halmashauri ya Chalinze. Mihogo, mahindi, ufuta, hayo ndiyo maisha yetu. Na nilipokuwa mdogo, katika miaka ya themanini, mahindi yetu yote yalipita mkononi mwa mtu mmoja, mjomba wangu, kaka yake mama.

Mjomba alikuwa akiendesha mashine ya kusaga. Injini ya dizeli, nzito, nyeusi kwa mafuta, imefungwa mkanda mrefu wa kuzungusha kinu. Kuiwasha ilikuwa kazi ya hendeli. Lakini hendeli peke yake haitoshi bwana, we zungusha hadi jioni. Kuna kimkono kidogo juu ya injini, huinuliwa kwanza ili izunguke nyepesi, halafu huangushwa ghafla pale mwendo unapokolea. Ukikiangusha mapema, hendeli inakurudi. Haya nimeyajua ukubwani. Wakati ule hakuna aliyejua, kwa sababu kabla ya kuwasha Mjomba aliwatoa watu wote nje. "Tokeni, tokeni, mtaumia!" Kisha anaupa mlango mgongo. Sisi tulisikia tu tuku, tuku, tuku, mara moshi huo juu ya mabati, na akina mama wanapiga vigelegele.

Mwaka mmoja Mjomba akaugua, akapelekwa Tumbi, Kibaha. Wiki tatu mashine ikawa kimya. Kijana mmoja akajitia ujuzi, akashika hendeli, ikamrudi na kumvunja kifundo cha mkono. Akina mama wakarudia kinu na mchi, wengine wakajitwisha madebe kwenda kusaga mbali. Mjomba aliporudi, amekonda, anatembelea fimbo, watu walimlaki kama waziri. Naikumbuka sura yake siku hiyo. Alitabasamu, akasema, "Mmeona?"

Alipofariki, mashine ile haikuwaka tena. Mkanda ukakatwa makubazi, injini ikaota kutu mpaka ilipouzwa chuma chakavu.

Sasa tuje mjini. Kazi yangu ilianza polepole. Intaneti ilikuja kwa satelaiti, ghali na ya kusuasua. Mwaka 2008 ikaingia M-Pesa, mwaka 2009 mkongo wa baharini ukatua Dar es Salaam, basi mambo yakawa mbio. Kila mteja alitaka mkopaji wake alipe kwa simu, na alitaka jana. Tulilala ofisini, tukala chipsi mayai saa saba za usiku. Sijutii. Kuna raha kuona kitu ulichokiwaza peke yako kinafanya kazi mikononi mwa watu usiowajua.

Ninachokijutia ni kitu kidogo cha mwaka 2006.

Mwaka huo niliandika sehemu ya programu inayotoza faini. Mkopaji akipitisha siku ya marejesho, anaongezewa shilingi 2,000. Kama siku hiyo ni sikukuu, ofisi imefungwa, anasubiriwa hadi kesho yake. Orodha ya sikukuu niliinakili kutoka kwenye kalenda ya ukutani. Sabasaba, Nanenane, Krismasi, zote zina tarehe zake. Na Idd nikaiandika kama kalenda ilivyosema. Mimi, mtoto wa Miono, niliyekuwa nakimbizana na wenzangu kutazama mwezi, nikasahau kwamba Idd hungoja mwezi uandame!

Idd ilipofika, ikasogea siku moja. Ofisi ikafungwa, programu haina habari. Waliotakiwa kulipa siku hiyo wakakuta kufuli mlangoni, wakalipa kesho yake, na faini juu.

Nilikuwa nimekwenda ofisini kwa mteja kurekebisha kompyuta nyingine. Nimesimama na kikombe changu cha chai. Akaja mama mmoja muuza samaki, kanga kiunoni, risiti mkononi. Anasema, "Mwanangu, jana nilikuja mkafunga, ilikuwa Idd." Karani akatazama kioo, akamjibu, "Mama, kompyuta haikosei." Yule mama akanitazama na mimi, kama mtu anayetafuta shahidi. Nilijua palepale kosa ni la nani. Nikanywa chai yangu. Akalipa, akaondoka.

Kosa nililirekebisha, lakini kwa kujificha. Badala ya kuibadilisha programu, jambo ambalo lingenilazimu kueleza kwa nini, nilifungua faili la sikukuu usiku wa kuamkia Idd na kuiweka tarehe kwa mkono. Idd ndogo, Idd kubwa, Maulidi, mwaka baada ya mwaka. Miaka ikipita aibu ile ikageuka cheo. Ofisini walijua tu kwamba sikukuu zikikaribia lazima "mzee" apigiwe simu. Nikiwa Miono natafutwa, nakwenda chini ya mwembe wenye mtandao, naongea kwa sauti: "Usiguse kitu! Subiri nikuelekeze!" Wanakijiji wakinong'onezana, huyu bila yeye ofisi haiendi. Mama alinitazama siku moja nikirudi kutoka mwembeni, akasema, "Umekuwa kama mjomba wako." Nikadhani ananisifu.

Wakubwa wa fani hii hutusimulia habari za Wizara ya Fedha, iliyofunga kompyuta ya kwanza nchini mwaka 1965, na jinsi mahesabu ya serikali yalivyokuja kuvurugika huku wajuzi wengi wakiwa wa kuazima kutoka ng'ambo. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Kwa miaka mingi nilipoisikia hadithi hiyo niliwalaumu wageni walioondoka na ujuzi vichwani mwao. Sikujiuliza mimi mwenyewe nimeweka nini nje ya kichwa changu.

Mwishoni mwa 2024 tukaambiwa kampuni imenunua mfumo kutoka nje, utaanza baada ya miezi kadhaa. Kazi yangu itakuwa kupokea malalamiko. Nilikasirika, ndipo ile mistari minne. Rafiki yangu mmoja wa siku nyingi akanishauri tukiwa tunakunywa soda: "Ondoka kimya. Huu wa zamani utawashinda kabla ule mpya haujaja. Watakutafuta wenyewe, na bei utapanga wewe." Nakiri, ndugu msomaji, nililala na wazo hilo siku mbili. Kiinua mgongo changu si cha kutisha, na nyumba ya mama inavuja.

Lakini aliyepewa kupokea kazi yangu alikuwa binti mmoja mwenye miaka miwili tu kazini. Alikuja na daftari. Daftari la karatasi! Kila nikisema, anaandika. Siku ya tatu akauliza, "Kaka, na hili faili la sikukuu, kwa nini hubadilishwa usiku?" Nikamtazama. Nikaona mlango, na mgongo wa Mjomba.

Nikamweleza yote, hadi chai niliyokunywa.

Hakucheka, wala hakunionea huruma. Aliuliza tu: "Na wale wa kwanza, kaka, walirudishiwa?"

Miaka kumi na minane sikuwahi kujiuliza swali hilo. Tulikaa tukapekua kumbukumbu za zamani, tukapata watu 37. Faini zao zote pamoja shilingi 74,000. Fedha ya jozi ya viatu. Tukaandika barua, nikatia saini mimi. Meneja aliisoma mara mbili, akasema, "Ya zamani mno hii, hawa tutawapata wapi?" Hakukosea. Wengi hawakuwa na namba ya simu, wengine wamehama. Hadi naondoka tulikuwa tumewapata 11, wakarudishiwa, mmoja akadhani ni matapeli akatukatia simu. Kama muuza samaki yule alikuwamo katika hao 11 sijui. Sikuwahi kuliuliza jina lake.

Na lile faili? Binti aliliondoa kwa nusu siku. Programu sasa inaangalia yenyewe: kama siku hiyo ofisi haikupokea malipo hata moja, basi ilifungwa, na faini haitozwi. Hakuna haja ya kalenda wala ya mzee. Nusu siku! Nilitazama mistari yake michache nikatamani ardhi inimeze.

Niliwahi kufika Miono kabla ya Idd el-Fitri ya 2025. Mvua za masika zilikuwa zimeanza, nikapanda juu ya nyumba kubadilisha mabati mawili, yaliyobaki yatangoja. Jioni watoto wakatoka kutazama mwezi, nami nikatoka nao, simu mfukoni. Nilikwenda mpaka chini ya mwembe. Mtandao ulikuwa umejaa. Nikasimama pale hadi giza likaingia vizuri.

Haikulia.

Nisikufiche, msomaji, iliniuma. Nilijua ndivyo inavyopasa kuwa, na iliniuma vilevile. Nikamwelewa Mjomba na ile "Mmeona?" yake, nikamsamehe kidogo, nami nikajiombea msamaha huohuo.

Nyumbani mama alikuwa anachambua mchele wa pilau kwa mwanga wa taa. Hakuinua macho.

"Leo hawakuiti?"

"Hawaniiti, mama."

"Haya," akasema, akanisogezea ungo. "Nisaidie mawe, macho yangu hayaoni."