Somo Lililofaulu Katika Daftari

Mimi ni karani wa serikali, na kazi ya karani ni kupanga karatasi. Nikiletewa daftari lenye mistari iliyonyoka na nafasi zilizojazwa zote, moyo wangu hutulia hata kabla sijasoma yaliyoandikwa ndani. Tabia hii imenifaa ofisini kwa miaka mingi. Nyumbani ilinidanganya, na aliyeumia ni mwanangu. Nawaeleza habari hii, wasomaji, kwa kuwa sidhani ni mimi peke yangu niliyepatwa na jambo hili.

Mwezi wa Machi mwaka 2020 shule zote za Kenya zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Mwanangu alikuwa katika gredi ya pili. Sisi twakaa Likoni, na ofisi yangu iko kisiwani Mombasa. Siku zile tuliagizwa kufanya kazi kwa zamu, wiki moja ofisini na wiki moja nyumbani. Nikajiambia kwamba mtoto hatapoteza mwaka bure, maadamu baba yake alisoma sekondari kwa wamisheni.

Nalitafuta mtaala. Ule Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutumiwa nchini kote katika madarasa ya chini mwaka 2019, umetungwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala Kenya, nao waeleza yale ambayo mtoto wa kila gredi apaswa kuyaweza katika kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika. Nalinunua daftari kubwa, nikachora safu kwa rula: wiki, kipindi, mada, mada ndogo, matokeo maalum, nyenzo, tathmini, maoni. Hilo ndilo waalimu waliitalo azimio la kazi. Kila usiku nalitoa humo andalio la somo la kesho yake, la dakika 30 kama ilivyo shuleni. Somo likiisha, naliandika katika safu ya maoni neno moja tu: "Lilifaulu." Kwa muda wa wiki kumi na tano hakuna somo langu hata moja lililoshindwa.

Mtoto naye alisoma. Alikaa mkekani na kitabu chake kidogo cha picha, akakisoma kwa sauti kutoka jalada hadi jalada, mama yake akafurahi. Lakini yalikuwako mambo mawili ambayo yangalinishtua kama ningalikuwa na akili. La kwanza, tumbo lilianza kumwuma kila nilipochukua daftari. La pili, kila tulipofika penye sauti ch alisitasita. Neno "macho" alilitamka "matso", kama wasemavyo watoto wa jirani zetu Wadigo anaocheza nao. Nikamkemea, nikamwambia hayo si maneno ya shule.

Mwezi wa Agosti nalimchukua kwenda kumwamkia mama yangu mkubwa, mwalimu mstaafu, ambaye akaa Kisauni karibu na Kengeleni. Mahali hapo pamepata jina kwa kengele ya Frere Town, makazi yaliyoanzishwa na wamisheni mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani. Tulivuka feri, tukapanda matatu, tukapita daraja la Nyali. Daftari nalilichukua kwapani. Nalisema kwamba nataka shauri lake, lakini kwa kweli nalitaka sifa.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Na mjukuu wangu huyu amekua!"

Alivaa miwani yake, akapekua daftari kurasa kwa kurasa. "Mwandiko wako ni mzuri," akasema. Kisha akalifunga, akamwita mtoto, akafungua kile kitabu cha picha. Mtoto akasoma bila kukwama: "Mama ana kuku. Kuku ana vifaranga." Bibi yake akafunika picha kwa kiganja. Mtoto akasoma vile vile, nami nikatabasamu. Ndipo mama mkubwa alipochukua kalamu, akageuza karatasi ya kalenda ya mwaka uliopita, akaandika kwa herufi kubwa: "Kuku ana mama. Mama ana macho."

Mtoto akaitazama karatasi, akasema kwa ujasiri: "Mama ana kuku. Kuku ana vifaranga."

Mama mkubwa akaweka kidole chini ya neno la mwisho, akamwambia asome hilo peke yake. Mtoto hakulitazama neno. Alinitazama mimi, na machozi yakamlengalenga.

Naliona haya ambayo sijapata kuyaona mbele ya mkubwa wangu yeyote wa kazi. Mtoto alikuwa amekariri kitabu kizima kwa kusikia sauti yangu, ili baba yake apate kuandika "Lilifaulu."

Mama mkubwa hakunicheka. Aliniuliza tu, "Tumbo humwuma wakati wa kusoma?"

"Umejuaje?"

"Nimefundisha watoto wadogo miaka thelathini na mmoja, mwanangu."

Akamtuma mtoto nje kwenda kutazama bata, kisha akafungua daftari langu mahali pamoja. "Hapa umeandika, 'Mtoto aelewe sauti ch.' Ulijuaje kuwa ameelewa?"

Nikajibu kwamba alinyamaza, wala hakuuliza swali.

"Hata jiwe hunyamaza," akasema. "Andika jambo ambalo jicho litaliona na sikio litalisikia. Asome maneno manne yenye ch, asiyopata kuyaona kitabuni, wala pasiwe na picha. Akisoma mawili, somo halijafaulu, na kesho huanzi jipya."

Nikamwambia kwamba mtaala umepangwa, na tukirudi nyuma tutachelewa. Akanijibu kwamba mtaala hauna kosa. "Mtaala wakuonyesha ng'ambo. Lakini feri haimchukui mtu aliye bado nyumbani kwake, lazima kwanza afike kivukoni. Wewe umeandika ng'ambo kila siku, na hapana siku hata moja uliyoandika mtoto yuko wapi."

Alipomwita mtoto tena, akagusa jicho lake mwenyewe na kumwuliza wenzake wa Likoni huliitaje. Mtoto akanitazama kwa hofu, kisha akasema polepole, "Dzitso."

"Vema. Na yakiwa mawili?"

"Matso."

"Jirani zetu wa Mji wa Kale husema mato. Kitabu chasema macho. Ni macho yale yale." Mtoto akacheka, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akitamka ch bila woga. Baadaye mama mkubwa akanikumbusha kwamba Kiswahili cha vitabu kilichaguliwa katika mkutano uliofanyika hapa hapa Mombasa mwaka 1928, ukafuatwa usemi wa Unguja. Yampasa mtoto akijue, lakini si kwa sababu wenzake wamekosea. Mwalimu wa Likoni hana budi kutia katika andalio lake hatua moja ambayo mwalimu wa Unguja haihitaji.

Tulirudi Likoni, nami nikaanza daftari upya. Jumatatu tulisikia sauti moja na kuitafuta katika maneno ya nyumbani, na maneno ya Kidigo yakakaribishwa. Jumanne tuliiunganisha na irabu: cha, che, chi, cho, chu. Jumatano tulijenga maneno kwa vipande vya karatasi nilivyovikata mwenyewe. Alhamisi tulisoma sentensi fupi. Ijumaa nalimwandikia maneno mapya, pasipo picha, na siku hiyo ndiyo iliyoamua Jumatatu itakuwaje. Sauti nyingine ilichukua wiki moja, na nyingine wiki tatu.

Nalitaka pia kujua kipimo. Mpango wa Tusome, ulioanza katika shule za msingi za nchi yetu mwaka 2015, ulimhesabu mtoto kuwa msomaji fasaha akisoma maneno 45 kwa dakika katika Kiswahili, na 65 katika Kiingereza. Hesabu hizi hazilingani kwa kuwa neno letu moja hubeba mzigo mwingi: "nitakisoma" ni neno moja kwetu, na kwa Kiingereza ni maneno manne. Basi nalichukua saa, nikamwekea mwanangu habari asiyoijua. Alisoma maneno 9. Nikaandika 9. Lilikuwa ndilo jambo la kwanza la kweli kuandikwa katika daftari lile.

Mwezi wa Desemba alisoma 28. Shule zilipofunguliwa Januari 2021 hakuwa amefika kipimo, nami nalimweleza mwalimu wake hivyo, pamoja na sauti zilizokuwa zikimshinda bado. Mwalimu alifurahi kuliko kama ningalimletea daftari la sifa. Katikati ya mwaka huo alivuka 45. Maumivu ya tumbo yalikuwa yamekwisha zamani, bila dawa.

Daftari lile ninalo hata leo. Nusu yake ya kwanza ni safi kabisa, wala haina faida. Nusu ya pili imejaa maneno yaliyokatwa, na katika safu ya maoni utaona mara nyingi: "Halikufaulu. Turudie sauti ng'." Nikiwa ofisini, kila nipokeapo taarifa isiyo na doa, hulikumbuka, nami huuliza swali moja zaidi kabla ya kutia sahihi.

Wasomaji, wengi wetu twaulizia nafasi ya mtoto darasani, na akisoma kitabu chake mbele yetu twaridhika. Utokapo shambani au kazini jioni, chukua kalamu, umwandikie maneno matatu ambayo hajayaona. Akiyasoma, mshukuru mwalimu wake. Asipoyasoma, usimkemee, maana huenda amekariri kwa ajili ya kukufurahisha wewe. Jua tu mahali asimamapo, umwambie na mwalimu, mkaanzie hapo. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kwanza yatupasa kukiri kwamba kibaba bado ni kitupu.