Maji ya Theluji na Samadi ya Mwezi wa Tatu

Ndugu na jamaa mlioko kambini, wengi mmetuuliza kwa simu: huko Kanada mvua zinaanza lini, na mnalima vipi kwenye baridi? Basi safari hii tunawaletea habari za maji.

Sisi familia tatu tulipelekwa Winnipeg, jimbo la Manitoba. Nchi hii ni tambarare kama meza, unaona mpaka macho yanachoka. Mto Red unatoka Marekani, unakwenda kaskazini, unakata mji katikati na kuingia Ziwa Winnipeg. Ziwa lenyewe ni kubwa, kama kilomita za mraba 24,500, lakini kina chake ni kidogo: wastani ni mita 12 tu. Tanganyika yetu inafika mita 1,470!

Mwaka wa kwanza tulipata kipande cha shamba nje ya mji. Mwezi wa tatu jua lilianza kung'aa, tukasema sasa ndio wakati. Tukaenda kwa mzee mmoja jirani mwenye ng'ombe, tukamwomba samadi. Akakataa. Alisema, "Si sasa. Rudini mwezi wa tano." Tulirudi nyumbani kimya. Tulidhani ametudharau kwa kuwa sisi ni wageni. Mama mmoja kati yetu alisema hatarudi tena kwake.

Mwezi wa nne yule mzee alikuja mwenyewe na gari lake, akatuambia tupande. Alitupeleka kwenye kijito kando ya mashamba. Kumbe mfereji tuliouona mkavu chini ya theluji sasa ulikuwa unanguruma! Maji yalikuwa na rangi ya chai, yanatoka kila shamba.

Akatueleza, na watoto wetu wakatutafsiria. Wakati wa baridi udongo huganda, hata kupita mita moja kwenda chini. Theluji hujikusanya miezi mitano. Ikiyeyuka, maji hayawezi kuzama ardhini, yanapita juu juu kama juu ya sakafu ya simenti. Kwa hiyo chochote kilichomwagwa juu ya theluji, samadi au mbolea ya dukani, kinabebwa mpaka kijitoni, kisha mtoni, kisha ziwani. Katika nchi hii sehemu kubwa ya maji yanayotiririka mashambani kwa mwaka mzima hupita katika majuma hayo machache. Ndiyo maana sheria ya jimbo inakataza kumwaga samadi kuanzia tarehe 10 Novemba mpaka tarehe 10 Aprili. Basi mzee hakutunyima, alikuwa analinda maji.

Mwezi wa saba tuliona wenyewe mwisho wa safari ya maji yale. Tulikwenda ufukwe wa Grand Beach, mchanga wake mweupe mno. Watoto walikwisha vua viatu. Lakini maji yalikuwa ya kijani kama rangi ya kupaka nyumba, na kibao kilionya watu wasiingie. Ule ni mwani, unaoshiba fosforasi na naitrojeni ileile inayolisha mahindi. Mwani wa namna hiyo unaweza kuwa na sumu, na kuchemsha maji hakuondoi sumu hiyo. Watoto walilia, tukala chapati zetu mchangani tukarudi. Mwaka 2013 shirika moja la kimataifa lilitangaza Ziwa Winnipeg kuwa ziwa lililo hatarini la mwaka huo.

Si samadi peke yake. Maji machafu ya mji wetu nayo yanaingia. Tena jambo moja lilitushangaza: wakulima waliacha kulima kwa jembe la trekta, wakaacha mabua juu ili udongo usichukuliwe. Udongo ulibaki kweli, lakini wataalamu waliopima kijito kimoja cha Manitoba waliona fosforasi imezidi kidogo, kwa sababu mabua yakiganda na kuyeyuka yanaiachia ndani ya maji. Kumbe dawa ya nchi ya mvua si lazima iponye nchi ya theluji.

Mwezi wa tano tulirudi kwa mzee, hata yule mama. Alitujazia samadi gari zima, tukaifukia siku ileile. Mwaka huo tulivuna maharage na lengalenga mpaka tukagawia majirani.

Huko kwenu hakuna theluji, lakini mvua ya kwanza baada ya kiangazi inafanya kazi ileile: inafagia yote yaliyolala juu ya ardhi. Basi mbolea ifukieni kabla mvua haijaja, na kando ya kijito acheni majani yasimame. Kuna mwenzako anachota chini yako.

Mbaki na amani. Tusalimieni wazee wote.