Nguo inayopiga kelele

Boom limechelewa tena, hayo tutayaongea siku nyingine. Leo nina la prezentesheni yangu ya kozi ya kufundisha sanaa.

Nimemchagua Nick Cave. Sio yule mwanamuziki wa Australia! Huyu ni Mmarekani mweusi wa Chicago, mwalimu wa sanaa chuoni, dansa aliyepitia mafunzo ya Alvin Ailey, na ni mpenzi wa jinsia moja, wala hafichi. Mwaka 1991 polisi wa Los Angeles walimpiga Rodney King, dunia nzima ikaona kwenye video. Mwaka 1992 Cave alikuwa amekaa bustanini, anawaza mtu mweusi anavyochukuliwa kama takataka, mkono ukaanza kuokota vijiti. Akavikata vifupi, akavitoboa, akavifunga kwa waya kwenye kitambaa. Alidhani anatengeneza sanamu. Akaivaa, akasogea, ikapiga kelele! Ndio maana akaiita Soundsuit. Ameshatengeneza zaidi ya 500, za vifungo, shanga, manyoya, hata midoli ya mitumba.

Ukiwa ndani hakuna anayejua wewe ni mweusi au mweupe, mwanaume au mwanamke. Kinachoonekana ni unavyocheza tu.

Sasa kimbembe. Mhadhiri mmoja alipoona muhtasari wangu akasema nibakize nguo, habari za "hao watu" nizikate. Siku mbili nimekaa nalo, maana maksi ni maksi jamani.

Lakini unakataje? Klabu ya Warehouse ilifunguliwa Chicago mwaka 1977, DJ akiwa Frankie Knuckles, na waliokuwa wanaijaza wengi walikuwa mashoga weusi na Walatino. Muziki wa house umepata jina lake pale. Mle ndani ulikuwa huhitaji kujieleza kwa mtu. Mwaka 2018 Cave aligeuza ukumbi mkubwa wa Park Avenue Armory, New York, kuwa sehemu ya kudansi, akaiita The Let Go, watu wakaja kucheza na kutua mizigo yao. Ukitoa "hao watu", unabaki na rundo la vijiti.

Halafu kuna uhalisia pepe, ile miwani mikubwa inayokuingiza kwenye dunia ya kompyuta. Mwaka 2023 kazi ya Cameron Kostopoulos iitwayo Body of Mine ilipata tuzo maalum ya majaji kwenye tamasha la SXSW huko Texas. Unajitazama kwenye kioo, unakuta una mwili wa jinsia nyingine, ukisogea nao unasogea. Ukigusa kiungo, unasikia waliobadili jinsia wakisimulia maisha yao. Soundsuit inakuficha ili uwe huru, hii inakuvisha mwili usio wako ili uone kunavyobana. Mimi bado nipo upande wa vijiti. Vina uzito, unatoka jasho, na anayekutazama naye anapata kitu.

Wamakonde wetu nao wana vinyago vya kiwiliwili vya mwanamke mjamzito, na anayevivaa kwenye ngoma ni mwanaume. Sisemi ni jambo lilelile, hapana. Ila tusijifanye hatujawahi kuona mtu akicheza ndani ya mwili wa mwingine.

Kwenye BTP mwaka jana kulikuwa na dogo wa form two, wenzake walimuita majina kwa sababu anakata kiuno kuliko wasichana. Sijui yeye ni nani, na sio kazi yangu kujua. Siku ya mahafali akacheza na boksi kichwani, wamelikatia macho tu. Darasa zima likasimama kumshangilia. Alipolivua, makofi yakapungua.

Kozi hii inanifundisha nisimame mbele ya watoto kama yule. Kwa hiyo sijakata kitu. Ni Ijumaa saa nne, venue ileile ya feni mbovu. Mje, na maswali magumu muulize mkiwa mmekaa mbele.