Safari ya Masomo Ikikwama, Usijifiche

Mpenzi msomaji, huenda nyumbani mwako kuna kijana aliyekwisha kuagwa kwa shangwe na hadi leo hajaondoka. Hupitia uchochoro wa nyuma asikutane na majirani, na simu ya mjomba ikilia haipokei. Nataka kuzungumza naye, na nawe mzazi wake, kwa maana yaliyomfika yalinifika.

Hapa kwetu mtoto haendi ng'ambo peke yake. Tangu Septemba 1959, wanafunzi 81 walipopanda ndege kwenda Marekani kwa juhudi za Tom Mboya, safari ya masomo imekuwa mali ya ukoo, kanisa na kijiji. Ndiyo maana ikikwama, aibu huwa ya watu wengi.

Harambee yangu ilifanywa Februari 2020, mtaani kwetu Nairobi. Mama mboga alitoa shilingi 200. Shangazi aliuza mbuzi. Nilikuwa nimepata nafasi katika chuo kikuu kimoja cha Marekani, masomo yaanze Agosti, na tulikwisha kulipa dola 350 za usajili wa wanafunzi wa kigeni na dola 160 za maombi ya visa. Kisha likaja gonjwa la korona. Tarehe 20 Machi Marekani ikasimamisha huduma za kawaida za visa kote duniani. Siku tano baadaye Kenya ikasimamisha ndege za abiria za kimataifa. Miadi yangu ya mahojiano ikafutwa.

Mwezi wa Aprili baba, mpishi wa hoteli, akapewa likizo bila malipo. Kufikia Juni tulikuwa na deni la kodi ya miezi miwili, ilhali fedha za harambee zimelala benki. Hapo ndipo mtihani ulipokuwa. Baba akasema fedha za watu haziguswi hata tukilala njaa. Mama akamuuliza, "Na huyo waliyemchangia akifungiwa nyumba, watafurahi?"

Nikawaomba twende kwa wenyewe. Mwekahazina wa kamati alikuja na daftari lake, akaketi uani, barakoa usoni. Tulimweleza yote: ndege, kodi, na kiasi kilichobaki benki. Kamati ikapigiana simu. Siku ya tatu tukapewa jibu: tutoe kodi ya miezi miwili, tuirudishe kabla sijasafiri, na salio lisiguswe. Mzee mmoja akaongeza, "Sisi tulichangia mtu, hatukuchangia ndege."

Tangu siku hiyo nilipita mbele ya duka bila kuinamisha kichwa. Aliyeniuliza, "Hujaenda tu?" nilimjibu, "Bado. Mwakani, Mungu akipenda."

Nawe, ikiwa safari yako imekwama kwa sababu ya visa, karo au maradhi, andikia chuo mapema uombe nafasi yako iahirishwe. Usinyamaze hadi muhula uanze. Uliza kuhusu nafasi na kuhusu ufadhili, kila kimoja kivyake, kwa sababu chuo chaweza kukuwekea nafasi na kisikuwekee fedha. Omba jibu la maandishi. Ikiwa unaelekea Marekani, fomu ya I-20 hubeba tarehe ya kuanza masomo, hivyo tarehe ikibadilika nayo lazima irekebishwe. Kagua pia mtihani wako wa Kiingereza: matokeo ya TOEFL hudumu miaka miwili tu.

Kisha tafuta la kufanya. Shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi, basi nikawafundisha watoto watano wa ploti yetu hesabu na Kiingereza. Wazazi walilipa walichoweza, huyu pakiti ya unga, yule sukuma wiki. Baba aliporudi kazini Novemba, tuliunganisha mshahara wake na vijisenti vyangu, tukarudisha ile kodi yote. Mwekahazina alipiga mstari kwenye daftari lake mbele yetu.

Nawe mzazi, usimpeleke mtoto kwa nyanya yake mashambani ili majirani wadhani amekwisha kuruka. Hayo nimeyaona yakitendeka. Kijana huyo hubeba mizigo miwili, wa kuchelewa na wa kudanganya, na huo wa pili ndio humvunja mgongo. Siku atakapohitaji msaada tena, hatakuwa na pa kuuombea.

Niliondoka Agosti 2021. Sitakuficha, msomaji: mwaka ule sikurudishiwa na mtu, na wenzangu niliomaliza nao sekondari walihitimu kabla yangu. Lakini nilipopanda ndege sikuwa na deni la mtu, na kina mama wa harambee walikuja kunisindikiza kwa mara ya pili bila kununa. Wahenga walisema kawia ufike. Mimi naongeza: ukikawia, waambie wanaokungoja.